Mgeni Siku ya Tatu: Programu Huria na Paswodi ya Chumba cha Kompyuta

Ilikuwa mwendo wa saa tisa mchana, ile saa ambayo hapa Kakuma hata mbuzi hutafuta kivuli. Chumba cha kompyuta kilikuwa kimejaa watu na joto. Kwenye mashine iliyo karibu na yangu alikaa binti wa jirani yetu, amemaliza kidato cha nne, anaandika barua ya kuomba ufadhili wa chuo. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Barua ilitakiwa iwe ya kurasa 2, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa sita ya usiku huohuo. Kila alipomaliza aya alisevu, maana kaka yake alimfundisha hivyo.

Stima ikapotea. Betri za sola zilikuwa zimechoka, mashine zote zikazima kwa pamoja. Baada ya kama dakika 20 zikawaka tena. Binti akabonyeza palepale alipobonyeza asubuhi, kwenye jina la akaunti lililoandikwa kwa Kiingereza neno lenye maana ya "mgeni". Skrini ikafunguka safi kama sahani iliyooshwa. Barua hakuna.

"Kaka, barua yangu iko wapi?" akamuuliza kijana anayesimamia chumba.

"Ulisevu kwenye flashi?"

"Sina flashi. Nilisevu hapahapa, kwenye folda ya nyaraka."

"Pole sana, dada. Akaunti ya mgeni haiweki kitu. Ukitoka, au ikizimika, inajifuta yenyewe. Waliifanya hivyo mashine zisijae."

"Basi nifungulie akaunti yangu."

Yule kijana akacheka kile kicheko cha mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata yeye hulijiuliza. "Mimi mwenyewe sina paswodi ya kufungua akaunti. Iko na watu wa ofisi, Nairobi."

Kijana huyo ni mkimbizi kama sisi, analipwa ile motisha ya mwezi. Hana kosa. Na mashine zenyewe hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinatumia Linux Mint, mfumo mzuri wa kuendesha kompyuta, usiolipiwa hata shilingi, ulioandikwa na watu wanaoamini kwamba programu ya kompyuta inapaswa kuwa huru mikononi mwa anayeitumia. Hapo ndipo niliposhikwa na swali ambalo limenifanya niandike: imekuwaje mfumo uliotengenezwa kwa jina la uhuru utufikie sisi ukiwa umefungwa kwa kufuli?

Katika jarida hili tumezoea kuhakiki hadithi na mashairi. Leo naomba mniruhusu nihakiki chumba cha kompyuta. Nacho kina maneno, kina mwandishi, kina msomaji aliyekusudiwa. Na neno la kwanza tunalosoma kila tukiingia ni hilo: mgeni.

Kiswahili kina methali kuhusu mgeni ambayo kila mtu hapa anaijua, awe ametoka Bukavu, Bujumbura au Kigoma. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumsema mgeni mvivu: umekula vya kutosha, sasa inuka ulime. Lakini isome tena polepole. Methali inamwamuru mwenyeji. Inamwambia ampe jembe. Mgeni hawezi kulima kwa mikono mitupu, na jembe liko ndani ya nyumba ya mwenyeji, nyuma ya mlango. Mwenyeji akikaa miaka 30 bila kulitoa, asimlaumu mgeni kwa kukaa.

Nimesema miaka 30 kwa sababu. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992. Mwaka huohuo, mbali sana na hapa, kijana mmoja wa Ufini anayeitwa Linus Torvalds alifanya uamuzi uliobadilisha dunia ya kompyuta. Mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alikuwa ameandika kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta, kile kinachoitwa Linux. Mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni inayoitwa GPL. Kwa hiyo Linux huria na kambi yetu ni rika moja. Vilipewa umri sawa, lakini malezi tofauti.

Leseni hiyo ilitokana na kazi ya Mmarekani Richard Stallman, ambaye mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU. Stallman alisema programu ni huria ikiwa mtumiaji ana uhuru wa aina 4. Wa kwanza, kuitumia programu kwa kazi yoyote anayotaka. Wa pili, kuifungua, kuona ilivyoandikwa ndani na kuibadilisha. Wa tatu, kutoa nakala na kumpa jirani. Wa nne, kutoa nakala ya ile aliyoibadilisha, ili na wengine wafaidike. Leseni ya GPL ikaongeza fundo moja la kufunga mzigo: unayempa mtu programu hii, huruhusiwi kumpa uhuru pungufu ya ule uliopewa wewe.

Mimi naliona fundo hilo kuwa mojawapo ya sentensi za haki zilizofikiriwa vizuri katika karne iliyopita. Fikiria kama mgao wa chakula ungeandikwa hivyo. Fikiria kama kila kibali kingeandikwa hivyo.

Sasa, haki itendeke: shirika lililoweka zile mashine halikuvunja leseni. Kompyuta ni zao. Hawakutupa nakala ya programu, walitupa ruhusa ya kukaa mbele ya nakala yao. Kisheria wako sawa. Mimi nauliza juu ya maana. Ukitoka hapa ukaandika kwenye ripoti kwamba jamii ya wakimbizi inatumia programu huria, umesema kweli? Programu ni huria. Anayeitumia yuko wapi katika uhuru huo? Kuibadilisha hawezi, kuongeza nyingine hawezi, hata barua yake haiwezi kulala humo usiku mmoja.

Kabla sijaendelea, nizungumze na sisi wenyewe, maana lawama haiko upande mmoja.

Mimi hutengeneza kompyuta na simu, kazi niliyojifunza kwa kuchungulia mabega ya mafundi wengine. Mara nyingi mteja ananiletea laptopu ya zamani inayotembea kama punda mgonjwa, namwambia, "Mzee, hii tuiwekee Linux, itakimbia." Anakunja uso. Mmoja aliniambia, "Hapana bwana, usiniwekee hiyo ya mashirika. Niwekee Windows ya ukweli." Hiyo Windows ya ukweli aliyoitaka ni ile iliyovunjwa kufuli, inayozunguka kwa flashi kutoka duka hadi duka, na ndani ya kile kiprogramu cha kuvunjia kufuli mara nyingi mna mdudu. Basi tunaikataa ya halali kwa sababu ni ya bure, tunaikumbatia ya wizi kwa sababu inafanana na ya tajiri.

Tuongee mambo ya kila siku, maana hapo ndipo ubishi unakwisha.

Laptopu nyingi zinazofika hapa ni za mtumba. Windows 11 inataka mashine iwe na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na RAM ya angalau GB 4, na nyingi kati ya hizi hazina. Windows 10 nayo, Microsoft iliacha kutoa masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake ni kwamba mashine ambayo bado ina kibodi nzima na skrini nzima inaambiwa imekufa. Linux Mint inawaka hata kwa RAM ya GB 2, ingawa 4 ndiyo raha, na toleo lake jepesi linaloitwa Xfce linaifufua mashine ambayo mwenye duka alishaiweka kwenye rundo la vipuri. Faili lake la kuwekea ni karibu GB 3. Unalipakua mara moja tu, mahali penye intaneti nzuri, kisha linaingia kwenye flashi na kutembea kambi nzima. Hiyo ndiyo ile haki ya tatu ya Stallman, ya kumpa jirani nakala, na kwetu inaokoa pesa za bando.

Kuna jambo jingine zuri ambalo watu wengi hawalijui. Flashi hiyohiyo inaweza kuiwasha kompyuta bila kugusa kilichomo ndani. Unachomeka, unawasha, unaonja mfumo. Usipoupenda, unachomoa na mashine inarudi kama ilivyokuwa. Hakuna muuzaji sokoni anayekuruhusu kuonja chungu kizima namna hiyo.

Na virusi. Mnajua ile shida ya flashi: unaichomeka saiba ili uprinti, ukirudi nyumbani folda zako zote zimegeuka shotikati, ukibonyeza hazifunguki. Watu wamelia hapa wakidhani vyeti vyao vimepotea. Mara nyingi havijapotea. Mdudu amevificha tu na kuweka shotikati mahali pake. Ukiichomeka flashi hiyo kwenye Linux, folda zilizofichwa zinaonekana, na yule mdudu, kwa kuwa aliandikwa kwa ajili ya Windows, anabaki amelala. Nimewarudishia watu picha za harusi na barua za usajili kwa njia hiyo, bila uchawi wowote.

Kwa kuandika kuna LibreOffice. Inafungua faili za Word na kuzihifadhi. Lakini nisiwadanganye: CV iliyopangwa kwa majedwali mengi inaweza kuyumba ikihama kutoka LibreOffice kwenda Word, na mwajiri haulizi kwa nini imeyumba, anaona tu kwamba wewe ni mtu ovyo. Dawa yake ni moja. Andika unavyotaka, lakini ukituma, tuma PDF. LibreOffice inaitoa kwa kubonyeza mara moja. Printa nazo nyingine hukataa, na kadi nyingine za WaiFai hudai programu ya ziada ambayo inabidi uipakue kwa intaneti, nawe huna intaneti kwa sababu kadi ya WaiFai haijafanya kazi. Siku hiyo utaunganisha simu yako kwa waya na kuvuta bando kutoka humo. Anayekuambia Linux haina shida hajawahi kuiweka kwenye mashine ya mtumba.

Shuleni kuna Kolibri, jukwaa la masomo linalofanya kazi bila intaneti. Kompyuta moja inabeba video na mazoezi, zikiwemo za Khan Academy, na wanafunzi wanaifikia kwa simu au tableti kupitia mawimbi ya chumba hichohicho. Masomo mapya yanaweza kuletwa kwa flashi au kunakiliwa kutoka mashine jirani. Waliotengeneza kitu hiki walimfikiria mtoto asiye na bando, na mimi nawapa heshima yao. Hata hivyo, nako kuna akaunti ya msimamizi, na msimamizi ndiye anayeamua masomo gani yaingie. Mwalimu wa darasani akitaka kuongeza somo lake mwenyewe kuhusu, tuseme, kilimo cha bustani ya magunia, swali ni lilelile: paswodi iko na nani?

Tugeukie lugha. Linux inakuruhusu kuchagua lugha unayotaka, na Kiswahili kimo. Ukikichagua, menyu nyingi zinabaki Kiingereza na nyingine zinakuwa Kiswahili ambacho inabidi ukifikirie. Wengi hukimbilia Kiingereza siku hiyohiyo. Nami nilikimbia. Lakini kazi hii ilikwisha kuanzwa zamani. Mwaka 2004, kupitia mradi uliojulikana kama Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa ya kampuni yoyote, maana leseni ilishawapa ruhusa. Kwa programu ya kulipia, lugha yako inaingia siku mwenye kampuni akiona una faida. Kwa programu huria, inaingia siku wewe unapoketi na kutafsiri.

Sasa jiulize nani ana muda, ana lugha 4 au 5 kichwani, na amekaa akingoja majibu ya barua. Ni sisi. Hapa kuna vijana wanaotoka Kiswahili cha Kivu kuingia Kifaransa, Kirundi na Kiingereza ndani ya mazungumzo ya chai moja. Wanafanya ukalimani hospitalini na kwenye usaili. Wangeweza kuitafsiri Linux yote ikaeleweka kuanzia Lubumbashi hadi Lamu. Hakuna aliyewaambia kwamba mlango huo uko wazi. Mafunzo tunayopewa hutufundisha kubonyeza, yakaishia hapo, kisha tunapewa cheti cha kubonyeza.

Mwaka huohuo wa 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa mfumo wa Linux akauita Ubuntu. Neno hilo Mswahili halimpigi chenga, kwetu ni utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wakimtumia yeyote aliyeomba sidi za mfumo huo kwa posta, bila malipo. Napenda sana wazo la sidi kusafiri bure hadi mlangoni mwa mtu wasiyemjua. Ilikuwa yake moja kwa moja. Angeweza kuivunja, kuigawa, kuiweka kwenye mashine ya mjomba wake. Hakuna aliyemfuata kuuliza ameitumiaje. Linganisheni na chumba chetu cha kompyuta, chenye daftari la kusaini mlangoni.

Mtu ataniambia, mbona una simu? Kweli. Karibu kila simu ya kupangusa iliyomo humu kambini ni Android, na chini ya Android kuna Linux. Kwa maana hiyo sote tunaishika Linux kila siku, hata yule mzee aliyeikataa dukani kwangu. Msingi wa Android uko wazi, yeyote anaweza kuusoma. Lakini jaribu kufuta zile programu ambazo kiwanda kimezipachika kwenye simu yako. Jaribu kupata masasisho ya simu ya miaka 6 iliyopita. Simu yako imejengwa kwa vitu huria, lakini ufunguo umebaki kiwandani. Ndiyo maana nasema tusidanganyike na neno lenyewe. Maandishi ya ndani kuwa wazi ni hatua ya kwanza, na ni kubwa. Hatua ya pili ni nani ameshika ufunguo wa mashine hii, iliyo mbele yangu, leo.

Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye mashirika, hapa naomba mkae vizuri, maana nakuja kwenu.

Mnaijua KoboToolbox kuliko mimi. Ni programu huria ya kukusanyia majibu, iliyojengwa juu ya msingi wa programu nyingine huria, ODK. Anayehoji anaandika majibu kwenye simu au tableti hata pasipo na mtandao, kisha akifika penye mtandao yanatumwa. Ni kazi nzuri, imepunguza makaratasi na makosa. Nami nimekaa kwenye benchi mara nyingi nikijibu: maji mnapata lita ngapi, choo mnatumia familia ngapi, kuni mnanunua wapi. Nikijibu, kidole kinapangusa, jibu langu linaondoka. Sijawahi kuliona tena.

Wale waliofikiria uhuru wa aina 4 walimfikiria mtumiaji. Katika mahojiano yale mtumiaji ni nani? Ni anayehoji. Mimi ninayehojiwa siko kwenye leseni. Programu inaweza kuwa huria kabisa, na mimi niliyeitoa habari nikawa sina hata haki ya kuona jedwali la bloku yangu. Hilo leseni haiwezi kulitibu, na sisemi kwamba walioandika programu wamekosea. Nasema sifa ya "huria" inaishia pale inapoishia, na ninyi mnaoitumia mnapaswa kulijua hilo kabla ya kuiandika kwenye mapendekezo ya mradi. Kurudisha majibu ya bloku, bila majina ya watu, kwa karatasi moja iliyobandikwa kwenye ukuta wa kituo, hakuhitaji teknolojia mpya.

Kuna mengi ya kuwatetea nayo, na nisiposema nitakuwa nimeonea. Niliuliza kwa nini paswodi imefungiwa Nairobi. Nilijibiwa kwa upole. Mtoto mmoja aliwahi kufuta kila kitu. Watu waliwahi kuacha barua zao za usaili kwenye mashine na wengine wakazisoma. Sasa hilo ni jambo la hatari, si la mzaha, kwa watu waliokimbia vita. Filamu zilijaa hadi mashine zikakwama. Akaunti ya mgeni inayojifuta ilionekana kumaliza yote kwa mpigo mmoja.

Ninakubali hofu hizo zote. Lakini mfumo huohuo una dawa ya kila moja, bila kumgeuza kila mtu kuwa mgeni wa milele. Linux imeandikwa ili watu wengi waweze kutumia mashine moja. Kila mmoja anaweza kuwa na jina lake na folda yake ambayo msomaji mwingine haruhusiwi kuifungua. Unaweza kumpimia kila mtu nafasi yake, ikijaa imejaa, filamu zitamshinda. Mtoto anaweza kupewa akaunti isiyoweza kufuta chochote cha mfumo. Hiyo yote ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye paswodi. Akaunti ya mgeni ipo kwa ajili ya mpita njia anayetaka kusoma barua pepe mara moja na kuondoka. Walioibuni hawakuwa wanafikiria mtu atakayeitumia kwa miaka 10.

Na kuna hofu moja ambayo hawakuitaja, mimi nitaitaja. Mwaka 2025 fedha za misaada zilipungua, miradi ikafungwa, wafanyakazi wakaaga. Mfanyakazi anapoondoka na paswodi kichwani, chumba kizima kinabaki kama gari lisilo na dereva: linawaka, haliendi. Programu haisasishwi, akaunti haziongezwi, na siku ikiharibika kidogo tu, mashine 20 zinafunikwa kitambaa. Wakati huohuo tunasikia habari za Mpango wa Shirika uliozinduliwa 2025, ambao unataka kambi hizi ziwe makazi ya kawaida na watu wake wajitegemee. Neno kujitegemea tumelisikia kwenye mikutano mingi. Mimi nina kipimo chake kidogo: paswodi.

Mtu atasema, wewe si fundi, ungeivunja. Kweli, naijua njia. Kwa flashi na dakika 15 ningeiweka paswodi nyingine. Sikufanya hivyo. Ningemwachia yule kijana wa motisha msalaba wa kueleza, na mlango wa nyuma ungebaki siri ya fundi mmoja. Sitaki jembe la kuiba.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoomba, nayo hayahitaji mfadhili mpya. Kwanza, kila chumba cha kompyuta kiwe na wasimamizi 2 wanaoishi hapahapa kambini, mmoja awe mwanamke, wenye paswodi kamili na mafunzo ya kuitumia. Nakala ya paswodi ikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa kamati ya kituo, ili hata wao wakihama isipotee. Pili, kila anayekuja mara kwa mara apewe akaunti yenye jina lake. Tatu, kompyuta moja ihifadhi programu na masasisho, ili nyingine zivute kutoka humo bila kila moja kula bando upya. Linux inaruhusu hilo. Nne, watu wafundishwe kuiweka Linux wenyewe kuanzia flashi tupu. Anayejua kuiweka haiogopi. Na mkitoa mashine, toeni kweli, kwa karatasi.

Kwa upande wetu pia kuna deni. Tukipewa jembe, lisigeuke la msimamizi mmoja na ndugu zake. Paswodi inaweza kutengeneza bwana mdogo haraka kuliko fedha. Nimeona kina mama wakiambiwa "mashine imejaa" na vijana wa kabila la msimamizi wakiingia. Uhuru wa namna hiyo tuliukimbia kwetu.

Yule binti? Aliondoka bila kusema neno. Usiku aliandika tena kwenye simu ya mama yake, kwa kidole gumba, akapunguza kurasa 2 zikawa moja na kitu, na akatuma zikiwa zimebaki dakika chache. Aliniambia barua ya pili haikuwa nzuri kama ya kwanza. Kulikuwa na sehemu kuhusu bibi yake aliyebaki Uvira, na hakukumbuka tena alivyoiandika.

Makala hii nimeiandika kwa LibreOffice, kwenye laptopu ya mtumba ambayo paswodi yake naijua mimi na mke wangu. Ukitaka kuifanya yako iwe hivyo, njoo na flashi ya GB 8. Njoo asubuhi, stima ikiwa bado ipo.